Fomula ya seli, safu ya jedwali au safu ya hifadhidata: kanuni ikae wapi?

Mtu mwenye jedwali la idadi na bei, anayehitaji safu ya tatu itakayozidisha hizo mbili, anaweza kuipata safu hiyo kwa njia zisizopungua tano, na zote zitampa jibu lile lile siku ya kwanza. Tofauti hujitokeza baadaye, data inapoongezeka, mtu mwingine anapoingiza mkono wake, mistari inapopangwa upya, au kanuni yenyewe inapobadilika katikati ya kazi. Ndiyo maana ulinganisho huu unazipambanua njia hizo kwa mahali ambapo kila moja huiweka kanuni: ndani ya kila seli, ndani ya safu nzima, ndani ya seli moja ya juu, ndani ya modeli ya data (majedwali yaliyounganishwa kwa ajili ya ripoti), au ndani ya hifadhidata yenyewe.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni usawa: je, njia hii inahakikisha kwamba kila mstari unakokotolewa kwa fomula ile ile, au mstari mmoja unaweza kuwa na fomula tofauti bila mtu kutambua? Cha pili ni ukuaji: mistari mipya ikiongezwa, fomula inaifuata yenyewe au inasubiri mkono wa mtu? Cha tatu ni usomekaji, yaani kiasi ambacho mtu asiyeiandika fomula anaweza kuisoma na kuikagua. Cha nne ni wakati na ukubwa: thamani hukokotolewa lini, na ni mistari mingapi inayobebeka kabla kazi haijalemaa. Cha tano, ambacho watu wengi hukisahau hadi kiwaumize, ni namna njia inavyolichukulia pengo, yaani mahali ambapo thamani haikujazwa.

Vigezo hivi havina makali vikiachwa hewani, kwa hiyo kila njia itajaribiwa kwa hesabu nne: zidisho la idadi na bei, salio linaloendelea, ambamo kila mstari hutegemea uliotangulia, siku zilizobaki kabla ya tarehe fulani, ambazo hutegemea siku ya leo, na asilimia ya sehemu kwa jumla. Zidisho ni jepesi kila mahali. Hizo tatu nyingine ndizo zinazozitenganisha njia.

Fomula ya seli kwa seli

Hii ndiyo njia ya asili, iliyokuwepo tangu lahajedwali ya VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilipotoka mwaka 1979. Leo mtu huandika =C2*D2 kwenye seli ya kwanza kisha huiburuta kwenda chini; programu hurekebisha marejeo yenyewe ili mstari wa tatu upate =C3*D3, na alama ya dola hutumika pale rejeo linapotakiwa lisisogee, kama $F$1.

Kwa upande wa usawa, njia hii haitoi hakikisho lolote. Kila seli ina nakala yake ya kanuni, na anayeandika namba juu ya fomula hazuiwi na chochote. Excel huweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli ambayo fomula yake haifanani na ya majirani zake, lakini katika laha yenye mamia ya mistari pembetatu hiyo haionekani na mtu asiyeitafuta. Ukuaji nao ni wa kubahatisha: mara nyingine Excel huirefusha fomula yenyewe baada ya kutambua mfuatano wa mistari ya juu, mara nyingine haifanyi hivyo, na kwa maoni yangu tabia hiyo ya kutabirika nusu nusu ni mbaya kuliko kutorefusha kabisa, kwa sababu humzoesha mtumiaji kuacha kukagua. Fomula za jumla zina udhaifu wa aina hiyo hiyo. SUM au AVERAGE iliyoishia mstari wa 44 itaendelea kuishia hapo hata kama data imefika wa 49, na huo si mfano wa kubuni: mwaka 2013 Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin walionyesha kwamba katika utafiti wa mwaka 2010 wa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, wastani mmoja wa Excel uliziacha nje nchi tano kwa sababu masafa ya fomula hayakufika mwisho wa orodha. Mjadala kuhusu utafiti ule ulihusu mambo mengine pia, lakini kosa la masafa ndilo ambalo mtu yeyote mwenye lahajedwali anaweza kulifanya leo mchana.

Uzuri wa njia hii ni uhuru. Salio linaloendelea, ambalo njia nyingine zote hulihangaikia, hapa huandikwa kwa urahisi usio na kifani: =E2+C3-D3, kisha kuburuta. Lazima tu ikumbukwe kwamba mstari mmoja ukifutwa, uliofuata hupoteza rejeo lake na kosa la #REF! huteremka hadi chini kabisa, na kwamba kupanga mistari upya huvuruga marejeo ya mstari hadi mstari. Siku zilizobaki hupatikana kwa =B2-TODAY(), na thamani hujisahihisha kila laha inapofunguliwa. Uhuru huo huo huruhusu mstari wa pekee kuwa na kanuni ya pekee, jambo ambalo katika bajeti au makisio ya awali ni hitaji halali kabisa.

Kuhusu usomekaji, =C2*D2 haisemi C ni nini, na mkaguzi hulazimika kupandisha macho hadi kwenye vichwa vya safu. Pengo ndilo gumu zaidi: seli tupu ikizidishwa huhesabiwa kama sifuri, hivyo bei iliyosahauliwa huzaa jumla ya sifuri isiyopiga kelele. Namba iliyohifadhiwa kama maandishi ni mtego mwingine, kwani =C2*D2 huigeuza kuwa namba na kuikokotoa vizuri, huku SUM ya safu hiyo hiyo ikiiruka kimya kimya. Mtu anaweza kutazama mistari yote iliyo sahihi na jumla isiyo sahihi, asielewe tatizo limetoka wapi.

Ukubwa una mpaka unaojulikana. Tangu Excel 2007 laha moja hubeba mistari 1,048,576 na safu 16,384. Muundo wa zamani wa XLS uliishia mistari 65,536. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilijikuta na visa vya maambukizi 15,841 ambavyo havikuingia kwenye takwimu kwa wakati, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili za muundo huo wa zamani.

Njia hii inamfaa mtu anayefanya kazi peke yake, kwenye data ndogo, kwa hesabu ambayo bado inatafuta umbo lake.

Safu ya kukokotoa ndani ya jedwali rasmi

Excel 2007 ilileta jedwali rasmi, ambalo hutengenezwa kwa kuchagua data na kubonyeza Ctrl+T. Ndani yake fomula huandikwa kwa majina ya safu, kama =[@Idadi]*[@Bei], ambapo alama ya @ humaanisha mstari huu huu. Ukiandika fomula kwenye seli moja ya safu tupu, safu nzima hujazwa. Ukiongeza mstari chini, jedwali hunyooka na fomula huja nayo. Ukibadilisha jina la safu, fomula zote hubadilika pamoja nalo. Google Sheets nayo iliongeza majedwali ya aina hii mwaka 2024.

Kwa ukuaji na usomekaji, hii ni hatua kubwa kutoka kwenye fomula ya seli kwa seli, na gharama yake ni ndogo mno. Usawa umeimarika lakini haujakamilika. Excel bado inamruhusu mtu kuandika namba juu ya fomula ya mstari mmoja, ikiridhika na kuweka ile pembetatu ya kijani. Baada ya vighairi vya aina hiyo kurundikana, si rahisi tena kujua mstari mpya utapokea fomula ipi, kwa hiyo safu yenye vighairi vingi inastahili kufutwa na kuandikwa upya kwa fomula moja, vighairi vikihamishiwa kwenye safu yake inayojieleza, kwa mfano safu ya marekebisho.

Salio linaloendelea ndilo linaloumbua njia hii. Hakuna namna ya kawaida ya kusema mstari wa juu kwa majina ya jedwali, na wanaolazimisha rejeo la kawaida kama E2 ndani ya jedwali hukuta fomula zikipotoka mistari mipya inapoongezwa. Njia iliyo salama ni kujumlisha kuanzia mstari wa kwanza hadi huu: =SUM(INDEX([Kiasi],1):[@Kiasi]). Inafanya kazi, inastahimili kufutwa kwa mistari, lakini katika jedwali refu kila mstari hurudia kujumlisha yote ya juu yake, na mwendo huanza kuwa mzito.

Kuna vikwazo vidogo ambavyo ni afadhali kuvijua mapema. Jedwali halijiongezei mistari kwenye laha iliyofungwa kwa ulinzi. Rejeo la safu husogea fomula ikiburutwa kando, na ili libaki mahali pake huandikwa kwa umbo la Jedwali1[[Bei]:[Bei]], ambalo halipendezi. Siku zilizobaki na pengo hufanya kazi sawasawa na ilivyo kwenye seli za kawaida, pamoja na hatari zake zote, na mpaka wa ukubwa ni ule ule wa laha.

Inawafaa watu wachache wanaoshirikiana faili moja, ambao orodha yao hukua kila wiki, na ambao wanataka fomula isomeke bila kumwita aliyeiandika.

Fomula moja inayojaza safu

Hapa kanuni hukaa kwenye seli moja ya juu na matokeo humwagika kwenda chini. Katika Google Sheets huandikwa =ARRAYFORMULA(IF(A2:A="","",C2:C*D2:D)); katika matoleo mapya ya Excel, =C2:C500*D2:D500 hutosha bila kitu cha ziada. Usawa wake ni kamili, kwa kuwa hakuna nakala ya pili ya kupotoka. Mtu akiandika chochote katikati ya eneo la matokeo, safu nzima hutoweka na kosa hutokea, #REF! kwenye Google Sheets na #SPILL! kwenye Excel. Wengi huliona hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa sifa, maana kosa linaloonekana na kila mtu hurekebishwa siku hiyo hiyo.

Inang'aa hasa pale majibu yanapoingia kupitia Google Forms, kwa sababu kila jibu huingizwa kama mstari mpya na fomula zilizoburutwa haziufuati. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya fomula hukusanya masafa yote na kuyafanya jibu moja: AND, OR na SUM hazitafanya kazi mstari kwa mstari, na badala ya AND huzidishwa masharti yenyewe. Fomula zinazozaliwa hivyo huwa ndefu na mkaguzi mgeni huziogopa. Salio linaloendelea linawezekana kwa fomula za SCAN pamoja na LAMBDA, kwa anayezifahamu. Pia, fomula ya aina hii haiwezi kuishi ndani ya jedwali rasmi la Excel. Anayezitaka zote mbili lazima aziweke mahali tofauti.

Tahadhari moja ni ya lazima: usiandike maelezo kwa mkono kando ya matokeo ya FILTER au SORT, fomula za kuchuja na kupanga mistari. Matokeo yatahama data ikibadilika, maelezo yatabaki pale pale, na kila maelezo yatakuwa yanamhusu mtu mwingine.

Safu na kipimo ndani ya modeli ya data

Power Pivot ilikuja kama nyongeza ya Excel 2010, na lugha yake ya fomula, DAX, ndiyo inayotumika pia katika Power BI, programu ya kutengeneza ripoti. Safu ya kukokotoa huko huandikwa mara moja kwa ajili ya safu nzima, na hakuna seli ambayo mtu anaweza kuigusa peke yake. Usawa kwa hiyo ni kamili. Usomekaji ni mzuri, kwa kuwa fomula hutaja jedwali na safu kwa majina, na thamani iliyo kwenye jedwali jingine huletwa kwa RELATED kupitia uhusiano uliokwisha kufungwa, bila VLOOKUP, fomula ya kutafuta inayohesabu safu kwa namba. Ukubwa hauzuiwi tena na mistari ya laha. Kinachozuia ni kumbukumbu ya kompyuta, na kila safu ya kukokotoa huichukua sehemu yake kwa sababu matokeo huhifadhiwa.

Wakati wa kukokotoa ndio unaowashangaza wageni. Safu hukokotolewa data inapohuishwa, yaani inaposomwa upya kutoka chanzo chake, kisha hubaki hivyo. Siku zilizobaki zilizoandikwa kwa TODAY() zitaonyesha hesabu ya siku ya mwisho ya kuhuisha, hata kama ripoti inafunguliwa wiki mbili baadaye. Salio linaloendelea nalo halina mstari wa juu wa kurejelea, kwani mistari ya modeli haina mpangilio. Huandikwa kwa kuchuja tarehe zote zisizozidi tarehe ya mstari husika, na ni lazima kuamua mapema la kufanya miamala miwili ikiwa na tarehe moja. Pengo lina sheria zake: thamani tupu ikijumlishwa na namba huhesabiwa kama sifuri, lakini ikizidishwa hubaki tupu.

Asilimia ndiyo inayoipa njia hii heshima yake. Chukua mistari miwili: wa kwanza una mafanikio 1 kati ya majaribio 2, wa pili una 90 kati ya 100. Safu ya asilimia itaonyesha 50 na 90, na wastani wake ni 70. Lakini mafanikio yote ni 91 kati ya 102, yaani takriban asilimia 89.2. Kosa hili linawezekana katika kila njia iliyotajwa hapa, na hakuna safu ya kukokotoa itakayolizuia, kwa kuwa tatizo lenyewe ni kuigeuza asilimia kuwa safu. Modeli inatoa kitu cha pili kiitwacho kipimo, ambacho hakikai kwenye mstari wowote: =DIVIDE(SUM(D[Mafanikio]), SUM(D[Majaribio])), ambamo D ni jina la jedwali, hukokotolewa wakati ripoti inapotazamwa, kwa mistari iliyochujwa wakati huo, na hivyo hutoa asilimia sahihi kwa mwezi, kwa kundi na kwa jumla kuu. Anayeandika DAX kwa mara ya kwanza huelekea kutengeneza safu kwa kila kitu kwa sababu safu huonekana kwa macho. Kanuni nyepesi ya kufuata ni kwamba kinachohitajika kuchuja au kugawa makundi kiwe safu, na kinachohitajika kama jibu la jumla kiwe kipimo.

Inawafaa wanaotengeneza ripoti kutoka majedwali kadhaa, ambao hawaingizi data humo humo. Mtu anayetaka kusahihisha mstari mmoja kwa mkono atachoka nayo upesi.

Safu inayozalishwa na hifadhidata

Katika hifadhidata kanuni huwa sehemu ya muundo wa jedwali: jumla numeric GENERATED ALWAYS AS (idadi * bei) STORED. MySQL ina safu hizi tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, PostgreSQL tangu toleo la 12 la mwaka 2019, na SQLite tangu toleo la 3.31 la mwaka 2020. SQL Server na Oracle zina za kwao. Hakuna mtu wala programu inayoweza kuandika thamani ndani ya safu hiyo, anayejaribu hukataliwa. Hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu yenye usawa mgumu kiasi hicho, na ukuaji wala ukubwa si suala tena kwa kiwango ambacho wengi wetu tutakifikia.

Ugumu huo una bei yake. Fomula huruhusiwa kutumia safu za mstari huo tu, kwa hiyo salio linaloendelea haliwezekani kama safu inayozalishwa. Hupatikana kwa amri ya SELECT yenye SUM na OVER, ambayo inaweza kuhifadhiwa kama mwonekano, yaani amri yenye jina inayosomwa kama jedwali. Katika PostgreSQL, MySQL na SQLite fomula pia lazima itoe jibu lile lile kila wakati kwa data ile ile, hivyo siku zilizobaki zinazotegemea leo hukataliwa moja kwa moja. Kukataliwa huko kunaudhi, lakini hakudanganyi: modeli ya data ingekubali na kukuonyesha namba ya wiki iliyopita.

Pengo hapa huchukuliwa kwa uzito wake. Idadi ikizidishwa na bei isiyojulikana hutoa jibu lisilojulikana, NULL, na bei iliyosahauliwa haijifanyi sifuri. Kwa upande mwingine kuna mtego wa mgawanyo: katika PostgreSQL na SQLite, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, hivyo 1/2 ni 0, wakati MySQL hutoa 0.5. Anayehamisha fomula ya asilimia kutoka lahajedwali bila kugeuza aina ya namba atapata safu iliyojaa sifuri. Aina ya numeric ya PostgreSQL na MySQL, hata hivyo, huhifadhi desimali kwa usahihi kamili, jambo ambalo lahajedwali, yenye kikomo cha tarakimu 15 na namba za mfumo wa mbili, haliahidi.

Kubadilisha kanuni ni kazi ya aliye na mamlaka juu ya muundo. Katika PostgreSQL, hadi toleo la 17 lilipoleta SET EXPRESSION, ilibidi safu ifutwe na kuongezwa upya, na kwa thamani zilizohifadhiwa jedwali kubwa huandikwa upya lote. Inawafaa wenye mfumo unaoandikiwa na programu au watu wengi kwa wakati mmoja, ambao kanuni yao imekwisha kukubaliwa na haitarajiwi kubadilika kila mwezi.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Ikiwa hesabu bado inatafutwa, au vighairi ni vingi na halali, baki kwenye seli za kawaida, lakini tenga rangi moja kwa namba zilizoandikwa kwa mkono na nyingine kwa fomula, na mara kwa mara bonyeza Ctrl pamoja na alama ya ` ili laha ionyeshe fomula badala ya majibu.

Ikiwa orodha inakua na wanaoijaza ni wachache wanaojuana, geuza kuwa jedwali rasmi leo. Ikiwa inajazwa kupitia fomu ya mtandaoni kwenye Google Sheets, fomula moja inayojaza safu ndiyo itakayokuondolea kazi ya kila asubuhi.

Ikiwa kitu cha msingi ni salio linaloendelea na mistari haipangwi upya wala kufutwa, seli za kawaida zinatosha. Ikiwa mistari hufutwa na kupangwa, tumia umbo la INDEX ndani ya jedwali. Ikiwa mistari ni mamia ya maelfu, hesabu hiyo ipelekwe kwenye amri ya SELECT.

Ikiwa unachowasilisha ni asilimia na wastani kwa makundi yanayobadilika, utahitaji kipimo cha modeli. Asiye na modeli anaweza kuhifadhi sehemu na jumla kama safu mbili za namba, kisha kugawa mara moja tu, chini kabisa, baada ya kujumlisha.

Na ikiwa kosa la mstari mmoja lina gharama ambayo hutaki kuibeba, kanuni iwekwe kwenye hifadhidata, huku hesabu zinazotegemea siku ya leo zikiachwa kwenye mwonekano au kwenye laha inayosoma kutoka humo. Mchanganyiko wa namna hii ni wa kawaida kabisa: zidisho ndani ya hifadhidata, asilimia ndani ya kipimo, siku zilizobaki kwenye laha ya mwisho. Kinachotakiwa kuepukwa ni kanuni ile ile kuandikwa mahali pawili, kwa sababu siku kiwango kitakapobadilika, mahali pamoja patasahihishwa na pa pili pataachwa.